Mwanamke Aliyekosa Majibu Yote

Mshale ulicheza ilhali ndani ya chumba hamkuwa na mtu.

Fundi mitambo alikuwa akikagua vipaza sauti, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya majaribio. Akauona ule mshale mdogo wa kupimia sauti ukiinuka kidogo, ukishuka, ukiinuka tena, taratibu, kwa mpigo wa mtu anayepumua usingizini. Akaugonga kwa ukucha. Ukaendelea. Akasimama na kuchungulia kupitia kioo kinene kilichotenganisha chumba chake na chumba cha majaribio. Mle ndani palikuwa na viti viwili, meza, na kipaza sauti. Basi.

"Daktari," aliita, "chumba chako kinakoroma."

Daktari alicheka bila kuinua uso. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti kavu, na chumba kile alikuwa amekipigania kwa wakubwa wa chuo mpaka wakamchoka wakampa. Kuta zake zilijazwa sponji, sakafu ilikaa juu ya mpira, na mlango ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake. Ukifungiwa mle unasikia damu yako ikikimbia masikioni. Sauti haiingii wala haitoki, ila kwa waya.

"Badilisha waya," alisema.

"Nimebadilisha jana."

"Basi badilisha macho. Mgeni wetu yuko njiani."

Fundi akabadilisha waya, na mshale ukatulia. Lakini alipofungua milango ili afute vumbi mezani, alipokewa na harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, kali na mbichi, kana kwamba pasi yenyewe imeinuliwa sasa hivi. Akasimama pale na kitambaa chake mkononi. Kisha akafuta meza haraka haraka, akatoka, akanyamaza. Hakutaka kuchekwa mara mbili asubuhi moja.

Kazi ya Daktari ilikuwa kuwapima watu wanaodai kujua yaliyofichika. Walikuja wa kila namna. Alikuja aliyepinda vijiko kwa macho, akaja aliyesoma barua ndani ya bahasha, akaja pia bwana mmoja aliyejua mawazo ya kila mtu ila alipotea njia ya kuja maabara, ikabidi Fundi akamchukue barabarani. Wote waliondoka mikono mitupu. Wengine walikuwa matapeli, wengine walijidanganya kwa moyo mweupe kabisa, na Daktari alikuwa mpole zaidi kwa hawa wa pili.

Mgeni wa siku hiyo hakufanana na yeyote kati yao. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike, mama wa makamo, macho yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Aliongozana na mumewe, dereva wa lori, jitu la watu lililotembea kwa kunyata kana kwamba linaogopa kuvunja kitu, na binti yao mdogo ambaye wote walimwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni.

Kidoti alikuwa mtoto wa maswali. Kabla watu hawajakaa alishauliza kwa nini mlango una mlango mwingine, kwa nini ukuta ni laini, na kwa nini huyu mjomba ana nywele puani.

"Za kuchuja vumbi," Fundi alimjibu.

"Na vumbi linatoka wapi?"

"Mama yangu, muache mjomba apumue," Mshonaji alisema, akatabasamu kidogo. Ndiyo mara pekee alipotabasamu asubuhi ile. Kisha akamgeukia Daktari, akashusha sauti. "Wengine huja hapa uwaambie ni kweli. Mimi nimekuja uniambie ni uongo. Nakuomba kwa jina la Mungu, nipime, halafu uniambie mimi ni muongo au mgonjwa. Chochote kati ya hivyo viwili nitakushukuru."

"Nieleze ilivyoanza."

"Siku nilipojifungua huyu. Alitoka amekuwa wa bluu, hapumui, hasogei. Wakamchukua mbio. Mimi nimelala pale nikajiuliza moyoni, moyoni tu, sikufungua mdomo: *Mwanangu atapona?* Na mtu akanijibu sikioni. Akasema, 'Atapona.' Nikageuka, hakuna mtu. Mtoto akapona kweli. Tangu siku hiyo, Daktari, huyo aliyenijibu hajaondoka."

Alieleza mengine kwa kunong'ona, akimtupia mtoto jicho. Akimpima mteja kiuno, sauti inamwambia kuna uvimbe tumboni. Akikata kitambaa cha gauni la bibi harusi, inamwambia bwana harusi hatafika. Hakuuliza, na bado alijibiwa. Mchana alijibiwa, usiku alijibiwa. Mara ya kwanza alidhani ni kipaji. Alipowaambia watu, waliogopa, na yalipotokea waliogopa zaidi, mpaka wakaacha kuja. Mumewe akampeleka kwa mtabibu wa mambo ya majini. Yule mtabibu alishindwa kumtoa, akamfunga tu. Mshonaji akapandisha mkono wa gauni, akaonyesha hirizi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi mgumu.

"Hii inamzuia asitoke kwangu akampanda mwingine; pumzi yake hunitangulia niendako, ila mwenyewe hawezi kuniacha. Kwa hiyo nimefungwa naye. Mimi ni banda lake."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole jinsi ubongo uliochoka unavyoweza kutengeneza sauti, na jinsi kumbukumbu inavyoshika yale yaliyotimia na kusahau yale yasiyotimia. Mshonaji alimkazia macho kama mtu aliye kisimani anayetazama kamba ikishushwa.

"Kwa hiyo kuna dawa?"

"Kwanza tupime. Na hirizi itabidi uivue."

Mume alisogea mbele. "Daktari, yule mtabibu alisema isivuliwe hata kwa kuoga."

"Kanuni ni hiyo hiyo kwa wote. Hakuna pete, hakuna saa, hakuna chochote mwilini ambacho mtu atasema ndicho kilichosaidia au kilichozuia. Akipimwa nayo, mtarudi nyumbani na shaka ile ile mliyokuja nayo."

Mke na mume walitazamana. Kisha Mshonaji akafungua fundo kwa meno, akaiweka hirizi kwenye sahani ya chuma. Mkono wake ulikuwa na mstari mweupe pale ilipokaa.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Mshonaji alikaa peke yake kwenye kile chumba kisichopitisha sauti. Katika chumba kingine, mtambo ulichagua picha moja kati ya mbili, jua au mwezi, bila mtu yeyote kuiona. Taa ndogo ikiwaka mbele yake, yeye alitaja picha anayodhani imechaguliwa. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Ilichukua sehemu kubwa ya siku.

"Mwezi," Mshonaji alisema kwenye kipaza sauti. "Jua. Jua. Mwezi."

Fundi alikaa mbele ya mshale wake. Kila mara kabla mwanamke hajasema, mshale ulitikisika kidogo, kana kwamba mwingine amesema kwanza. Alimgusa Daktari begani, akamwonyesha kwa kidole. "Pumzi yake," Daktari alisema. Naye alisikia ile harufu ya kitambaa kilichoungua, ila aliiona ya kawaida kwa mtu anayeshinda na pasi.

Jaribio lilipokwisha, mtambo ulitoa hukumu yake kwenye skrini kwa maneno mawili: *Kiwango hakikufikiwa.*

Daktari aliwaendea akitabasamu. Aliipenda sehemu hii ya kazi pale tu aliyepimwa alipokuwa mtu mwema. "Hujui lolote lililofichika," alimwambia Mshonaji. "Huna zaidi ya nilicho nacho mimi. Ni ugonjwa, mama, na una dawa."

Mshonaji alikaa chini sakafuni. Alilia kwa sauti kama mtoto, huku akicheka, huku akimbusu Daktari mikono. Mumewe alifuta uso kwa kofia yake. "Na hii?" Mshonaji aliuliza, akainua hirizi kwa vidole viwili.

"Kitambaa na uzi."

Akaitupa kwenye pipa la taka.

Wakati wanaaga, Daktari alimwona Kidoti amesimama kwenye mlango wa chumba kitupu, shingo ameiinamisha upande, midomo ikicheza. Aliuliza kitu, polepole, kwa heshima, kama anavyouliza mtoto aliyefunzwa adabu. Akanyamaza kidogo. Kisha uso ukamng'ara, kama wa mtoto aliyejibiwa vizuri, akakimbia kumshika mama yake mkono. Daktari aliona ni jambo la kupendeza.

Kesho yake aliketi kuandika ripoti, na ndipo alipofungua matokeo yenyewe, jibu kwa jibu.

Mtu anayebahatisha kati ya vitu viwili hupata karibu nusu. Hata kipofu, hata mlevi, hata kuku anayedonoa vibonyezo, hupata karibu nusu. Daktari alishuka kwenye ule mlolongo wa majibu kwa kidole, akashuka, akashuka, akafika mwisho, akarudi juu akaanza upya. Mshonaji hakupata hata moja. Palipokuwa na jua alisema mwezi, palipokuwa na mwezi alisema jua, bila kuteleza, siku nzima. Ni kama kurusha sarafu kutwa na isiangukie ulichosema hata mara moja. Bahati haifanyi hivyo. Ili mtu akose yote, lazima kwanza ayajue yote.

Kuna kitu kilijua kila jibu, kikamlisha mwanamke uongo, makusudi, ili Daktari aseme kile alichokisema.

"Daktari." Fundi alikuwa mlangoni, rangi imemtoka. "Njoo usikilize. Nilisahau kuzima mashine jana. Ilirekodi hata baada ya mama kutoka mle chumbani."

Daktari akavaa visikizio. Alisikia milango ikifungwa, wa kwanza, wa pili. Akasikia ukimya mzito wa chumba kitupu. Kisha pumzi, karibu sana na kipaza sauti, pumzi ya mtu anayejinyoosha baada ya kukaa amejikunja muda mrefu, na ndani ya pumzi hiyo kicheko kidogo cha chini ambacho hakikuwa cha mwanamume wala cha mwanamke. Kisha sauti, tulivu, yenye adabu.

"Asante, Daktari. Umenifungua."

Alikimbilia pipa la taka. Lilikuwa tupu, limesafishwa, na takataka za jana zilishachomwa nyuma ya jengo.

Yeye na Fundi walifika nyumbani kwa Mshonaji mchana, jua la utosi. Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa inalia kwa furaha, na Mshonaji aliyekuwa nyuma yake alikuwa mtu mwingine. Uso umejaa, macho yana uhai.

"Daktari wetu! Karibu, karibu ndani. Nimelala, mama, nimelala kama gogo! Haijanisemesha tangu jana, hata neno." Akamwita mumewe alete viti. "Baba Kidoti, wageni!"

Daktari aliinama kupita mlangoni. Chini ya meza ya kukatia nguo, amewapa mgongo, Kidoti alikuwa amekaa amekunja miguu, akiimba kitu kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka.

"Jua. Mwezi. Mwezi. Jua. Mwezi. Jua. Jua."

"Ameamka na huo wimbo," Mshonaji alicheka. "Sijui kajifunza wapi."

Fundi alitoa simu yake, ambako alikuwa amehifadhi orodha ya picha zilizochaguliwa na mtambo, ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuonyeshwa. Akaishika mbele ya Daktari. Wakafuatisha wote wawili kwa macho, huku mtoto akiimba na jua kali likimwagika mlangoni na jirani akifua nguo nje na mahali fulani redio ikisoma habari, na hakuna alipokosea, si mara moja, akaenda mpaka mwisho wa siku nzima ya mtambo kana kwamba anasoma mahali palipoandikwa ndani ya kope zake, na alipofika mwisho alinyamaza, akageuza kichwa tu, mabega yakabaki yalipo.

"Umefika, Daktari," alisema Kidoti. "Una swali?"

Sauti haikuwa ya mtoto. Mshonaji, ambaye aliishi na sauti ile sikioni mwake kwa miaka yote ya umri wa binti yake, aliachia mkasi ukaanguka. Hakupiga kelele. Alijikunja tu mbele, polepole, mikono tumboni, kama mtu aliyechomwa kisu na hataki wenziwe wajue.

"Si yeye," alisema. "Rudi kwangu. Si yeye. Rudi kwangu."

Siku zilizofuata Daktari hakwenda kazini. Alimpeleka mtoto hospitali, akampeleka kwa wenzake waliobobea, akasimama kwenye korido akibishana na watu wenye makoti meupe kama yeye mwenyewe alivyobishana na wengine miaka yote. Damu ya mtoto ilikuwa safi, kichwa chake kilikuwa safi. Lakini hakula, na midomo ilimpasuka kwa kusema bila kupumzika. Aliwajibu wauguzi kabla hawajauliza. Alimwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani jambo ambalo lilimfanya ageukie ukutani asigeuke tena.

Na kilichomuua mama yake moyoni si hayo. Ni kwamba Kidoti hakuuliza tena chochote. Mtoto ambaye hakuweza kupita siafu bila kuuliza wanakwenda wapi, sasa alikuwa na majibu tu.

"Niulize kitu, mwanangu," Mshonaji alimbembeleza, amepiga magoti kando ya kitanda. "Niulize chochote. Niulize kwa nini mvua inanyesha. Niulize nywele za puani, mama, nitakujibu, sitachoka tena, naapa sitasema unyamaze."

"Inanyesha kwa sababu mawingu yamejaa," sauti ilimjibu. "Na wewe hukuchoka. Ulikuwa na usingizi."

Mtabibu alikataa kuja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kikohozi, mkali kwa maneno, na alimsikiliza Daktari akiwa amesimama mlangoni kwake bila kumkaribisha.

"Nilifunga, mkafungua. Nifanye nini sasa?"

"Mimi ndiye niliyefungua," Daktari alisema. "Sikujua."

"Hukujua, lakini ulisema unajua." Akataka kufunga mlango. Daktari akaweka mguu, kisha akapiga magoti pale pale barazani, mbele ya wapita njia, na mfuko wake ukamwagika chini asiuokote. Mtabibu alimtazama. Akakohoa. Kisha akaingia ndani na kutoka amevaa raba miguuni, mkoba begani.

Njiani alieleza, kwa kifupi, kama fundi bomba anayeeleza uvujaji. Jini huyu aliingia kwa swali. Si swali lolote tu. Swali la moyo mzima, lile ambalo mtu angetoa chochote ajibiwe. Mama aliuliza hivyo siku moja ya kujifungua. Mtoto aliuliza hivyo kila siku, kwa kuwa ni mtoto. Akijibu, alihamia kwa aliyeuliza. "Lakini pale anapohama, kati ya mdomo na sikio, hana mwenyewe. Hapo naweza kumshika. Ila nahitaji mahali ambapo hatakuwa na sikio jingine la kukimbilia."

"Ninapo mahali hapo," Daktari alisema.

Wakamlaza Kidoti kwenye kiti cha maabara, ndani ya zile kuta za sponji. Mtabibu alijaza pamba masikioni mwake mwenyewe, akafunga na kitambaa juu. Mkononi alishika uzi mweusi, fundo liko wazi, tayari kukazwa. Baba na Fundi walibaki upande wa pili wa kioo, Mshonaji akasimama kando ya kiti. Daktari ndiye aliyejaribu kwanza. Aliona ni deni lake.

"Wewe ni nini?" aliuliza.

Kidoti alifungua macho. "Hutaki kujua," alisema, karibu kwa huruma. "Unataka kuandika."

Mtabibu alitikisa kichwa. Uzi haukusogea. Nyuma ya kioo, baba alinyakua kipaza sauti cha Fundi. "Unataka nini? Sema unataka nini utuachie mtoto!"

"Huyo anaomba. Haulizi."

Mtoto alikohoa, na kikohozi kilikuwa chake mwenyewe, chembamba. Michirizi ya damu ilimtoka mdomoni. Kifua kilipanda, kikakawia kushuka. Mtabibu alionyesha kwa mkono: *upesi*.

Mshonaji alimshika Daktari bega, akamsogeza kwa upole. "Toka, dada. Funga milango."

"Utamuuliza nini?"

"Toka."

Daktari akatoka, akaketi karibu na Fundi, akavaa visikizio. Kupitia kioo alimwona Mshonaji akivuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mtoto. Alimfuta damu kwa upindo wa kanga. Alimtengeneza nywele. Alionekana kama mama anayemwandaa mwanawe kwenda shule. Na alipozungumza, sauti yake kwenye visikizio ilikuwa tulivu, na Daktari alielewa kuwa mwanamke huyu alikuwa amepekua moyo wake wote kutafuta swali, akatupa moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye lile ambalo hakuna mama anayelitaka na hakuna mama asiyekuwa nalo, lile ambalo hulala chini kabisa tangu mtoto anapotiwa mikononi kwa mara ya kwanza na ambalo mama hulifunika kwa kazi na nyimbo na makaripio ili lisiinue kichwa.

"Mwanangu huyu," Mshonaji aliuliza, "atakufa lini?"

Kidoti akatabasamu. Akainama mbele, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake.

Daktari alivua visikizio. Akanyoosha mkono na kung'oa waya. Alikuwa ameishi maisha yake yote akitaka kujua, na hili hakulitaka. Wakabaki wanatazama katika ukimya, yeye na Fundi na baba aliyekuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza, wakaona midomo ya mtoto ikicheza, muda mrefu kuliko unaohitajika kutaja siku na mwezi na mwaka, wakaona uso wa Mshonaji ukibadilika, si kwa ghafla, bali kama nyumba inayozimwa taa chumba baada ya chumba, na mshale wa kupimia, ambao waya wake ulikuwa umelala sakafuni haujaunganishwa na kitu, ukapanda mpaka mwisho ukakaa pale ukitetemeka. Na mtabibu, aliyekuwa amesimama kama nguzo, akarusha uzi kati ya mdomo wa binti na sikio la mama, akakaza.

Mshale ukaanguka.

Mtabibu alitoka jasho likimtiririka, amekumbatia kichupa kilichozibwa, ndani yake fundo jeusi. "Msiniulize nakitupa wapi," alisema. "Msiniulize chochote." Akaondoka na raba zake, na hawakumwona tena.

Ndani, Kidoti alikuwa amefumbua macho, anaangaza huku na huku.

"Mama," alisema kwa sauti iliyopasuka, "kwa nini tuko hapa? Na kwa nini unalia? Na baba mbona amekaa chini?"

Baba alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kioo, kofia usoni, mabega yakitikisika. Mshonaji alimkumbatia mtoto akamjibu maswali yote, moja moja, bila kuruka hata moja.

Daktari alikwenda kuwaona baadaye, mvua za mwaka zilipokuwa zimepita. Nyumba ilikuwa tulivu, wateja wamerudi. Kidoti alikuwa shuleni. Mshonaji alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti karibu na dirisha, lakini cherehani haikusimama hata walipokuwa wakizungumza. Mikono yake ilikwenda tu.

Daktari alishindwa kujizuia. "Yule ni muongo," alisema. "Nina ushahidi. Kwangu alidanganya kutwa nzima."

"Kwako alikuwa na sababu," Mshonaji alisema, akakata uzi kwa meno.

Kwenye rafu nyuma yake palikuwa na magauni ya kitoto, mengi, yamekunjwa vizuri kwa mpango, madogo juu na makubwa chini. Daktari aliuliza ni ya nani.

"Ya Kidoti. Nashona mapema, wakati nina nafasi. Kila mwaka atakuta lake." Kwa mara ya kwanza alisimamisha cherehani. Akateremsha gauni moja la juu, akaligeuza ndani nje kumwonyesha mgeni kazi yake, kwa fahari ya fundi. "Nguo ya mtoto unaiachia pindo pana chini, unaona? Akirefuka unashusha, akirefuka unashusha. Usipoacha pindo, umemshonea nguo ya msimu mmoja."

Jirani akamwita nje, akatoka. Daktari alibaki na ile rafu. Akajua hapaswi, na akafanya. Akayapindua magauni kwa ncha za vidole, moja baada ya jingine, yakiongezeka urefu, kila moja na pindo lake pana limeshonwa kwa upole. La chini kabisa lilikuwa jeupe, la msichana anayeanza tu kuota matiti. Akaligeuza ndani nje.

Lilikatwa sawasawa na urefu, likashonwa ukingoni. Halikuachiwa pindo.